Chuo cha amali, karakana ya mtaani au uanagenzi wa hotelini: kijana wa mjini Unguja aanzie wapi?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, katika nyumba nyingi za Jang'ombe, Kwahani, Chumbuni na Mpendae swali huwa moja: huyu aliyekosa kuendelea tumpeleke wapi? Na yupo mwenzake ambaye hata kidato cha nne hakufika. Aliachia skuli njiani kwa kukosa hiki na kile, sasa anashinda maskani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi. Karibu nusu ya watu wa visiwa hivi tumebanana hapa, na kila kazi inayotangazwa ina foleni.

Kwa asiye na mjomba mwenye duka wala mtaji wa kuanzia, milango ya kweli ni mitatu. Kuna chuo cha mafunzo ya amali, kuna kukaa kwa fundi mtaani, na kuna uanagenzi, ambapo kijana anasoma huku yuko kazini. Hapa kwetu unaosikika zaidi ni ule wa hotelini. Watu huulizana upi bora, wanachagua mlango, kisha ndipo wanatafuta fani ya kusomea humo ndani. Mimi naona kazi hiyo imegeuzwa. Fani itangulie, nayo ndiyo ikuonyeshe mlango, maana kuna kazi ambazo ukijifunza kwa kutazama tu zitakuumiza wewe au mteja wako, na kuna kazi ambazo ukikaa chuoni miaka miwili gereji bado itakuona mgeni. Baada ya fani linakuja suala la nyumbani: nani atamlisha kijana huyu, nani atampa nauli, na nyumba itastahamili muda gani bila ya kile kidogo anachokileta.

Chuo ni cha kazi zenye hatari isiyoonekana

Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ipo kwa Sheria namba 8 ya mwaka 2006. Vituo vya serikali viko Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, Vitongoji kwa Pemba, na baadaye vikaongezwa vya Makunduchi na Daya Mtambwe. Kwa kijana wa mjini, Mwanakwerekwe ndiyo jirani. Pembeni yake viko vyuo vya watu binafsi na vya jumuiya. Vingine vinafundisha kwa moyo kabisa, vingine ni chumba kimoja na kompyuta chache, kwa hiyo swali la kwanza liwe kama chuo kimesajiliwa na Mamlaka.

Chukua fani ya friji na viyoyozi. Kiyoyozi cha hoteli ya Paje au Nungwi kinapigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana. Bati la kile kipande cha nje linaliwa, mabomba ya shaba yanatoboka vitundu usivyoviona kwa macho, gesi inavuja taratibu. Fundi aliyejifunza kwa kutazama anakuja, anaongeza gesi, anapokea pesa yake, na baada ya wiki chache chumba kina joto tena. Aliyefundishwa anaanza kwa kutafuta tundu: anajaza naitrojeni, anapaka povu la sabuni kwenye maungio, anakaa kuangalia wapi panatoa mapovu. Akishaziba anafyonza hewa yote kwa pampu, ndipo anajaza gesi kwa kupima uzito wake. Na gesi zenyewe haziko sawa. Viyoyozi vya zamani vina R22, vilivyofuata vina R410A, vya sasa vingi vina R32, ambayo inashika moto. Friji nyingi mpya za majumbani zina R600a, na hiyo inashika moto haraka zaidi. Kijana anayewasha moto wa kuungia bomba bila kujua ndani mna gesi gani anaweza kuunguza nyumba ya watu na yeye mwenyewe akiwa ndani yake. Elimu hiyo haiokotwi barazani. Inahitaji mwalimu, daftari na vipimo.

Umeme wa majumbani ndiyo hivyo hivyo. Waya mwembamba uliobebeshwa kiyoyozi hauonyeshi kosa siku ya kwanza. Unaonyesha baada ya mwaka, ukutani, usiku, watu wamelala. Kwa fani hizi mbili sina maneno mawili: chuo kwanza, hata kama italazimu kungoja mwaka ili familia ijipange. Ufundi bomba naweza kuusamehe kidogo, lakini siku hizi nyumba zina matangi ya juu, pampu na hita za maji, na anayejua kusoma ramani ya jengo ndiye anayeitwa kwenye miradi mikubwa ya Fumba na kwengineko.

Chuo kinampa kijana cheti pia, na mafunzo yake yana ngazi ya kwanza mpaka ya tatu. Cheti hakikupi kazi peke yake, ila bila hicho kitengo cha matengenezo cha hoteli hakikuiti hata kwa mahojiano, na kampuni ya ujenzi inakuweka kwenye vibarua.

Sasa upande wa pili, na hapa wazazi wengi hushtukizwa. Ada ya chuo cha serikali huwa si ndiyo mzigo wenyewe. Mzigo ni nauli ya kwenda na kurudi kila siku, chakula cha mchana, ovaroli, viatu vya kazi, na vifaa vidogo vidogo ambavyo kila mwezi hutakiwa kingine. Juu ya hivyo, kijana aliyekuwa akibeba mizigo sokoni Darajani na kuleta chochote jioni haleti tena. Ndiyo maana wengi hawafukuzwi na masomo magumu. Mama anayeuza mandazi anaugua wiki mbili, na kijana anarudi sokoni, kisha anaona haya kurudi darasani. Familia inayotaka kumpeleka mtoto chuoni ikae ihesabu nauli na chakula cha muhula mzima kabla ya kujaza fomu, na ikiwezekana wajomba na shangazi wagawane: huyu nauli, yule viatu. Nimeona ikifanyika hivyo, na watoto wakamaliza.

Udhaifu mwengine ni mikono. Wanafunzi wengi wakizunguka mashine moja, wanne wanashika na waliobaki wanatazama. Kijana mnyamavu anaweza kumaliza muhula hajashika kitu kwa muda wa kutosha. Dawa yake ni fildi, yale mazoezi ya kazini, na fildi nzuri haiji yenyewe. Mwanafunzi aitafute mapema, kwa fundi anayefanya kazi kila siku, asingoje kupangiwa ofisi ambako atatumwa kununua chai.

Karakana ni ya kazi zinazoingia kwa mkono na sikio

Fundi magari wa mtaani, fundi vespa, seremala, mchomeleaji, fundi cherehani: hawa wamefundisha vijana wa Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, tangu kabla ya sheria yoyote ya mafunzo kuandikwa. Kijana anafika asubuhi, anafagia, anashika spana namba anayoambiwa, na kidogo kidogo anaanza kutambua injini kwa mlio. Sikio hilo halipatikani haraka darasani. Hapa kunakuja gari thelathini zenye maradhi thelathini, na kila mteja ana haraka.

Faida kubwa ya karakana kwa mwenye dhiki ni kwamba haimkatishi mkate kabisa. Fundi mwema hutoa pesa ya chai, na kijana akishajua kubadilisha breki au kuziba pancha anaanza kupata chake. Tena anajulikana. Mteja anayemwona leo akishika taa ndiye atakayemwita kesho nyumbani kwake.

Ushoni nao una kalenda yake, na anayetaka kuuingia aijue. Kumi la mwisho la Ramadhani cherehani hazilali: kanzu, mabaibui, nguo za watoto za Idi. Mfungo mosi na miezi ya harusi kuna sare za bibi harusi na ndugu zake. Skuli zikikaribia kufunguliwa kuna sare za wanafunzi. Baina ya hapo kuna wiki kavu. Msichana aliyejifunza kwa fundi mwenye wateja anayaona yote hayo kwa macho yake na anajifunza kuweka akiba. Aliyejifunza mahali pa kushona mifano tu hukutana na wiki kavu ya kwanza akadhani kazi imemshinda.

Kuna fani moja ya karakana ambayo vijana wa mjini wanaipita kila siku bila ya kuitazama, nayo ni ufundi wa nyumba za Mji Mkongwe. Mji huo uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, dari zake ni boriti za mikoko. Ukuta kama huo ukipakwa saruji, unyevu unanaswa ndani, plasta inabambuka na boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani. Mwezi Disemba mwaka 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Kazi ya kuzuia mengine yasiporomoke ipo, itaendelea kuwepo miaka mingi, na wazee wanaojua kuchoma chokaa, kuilaza kwenye maji na kuipiga mpaka ikakubali wanapungua. Uashi wa chokaa unajifunzwa ubavuni mwa mzee anayeujua. Kijana mwenye subira anayeishi Malindi, Vuga au Kikwajuni angefanya vyema kumtafuta mzee huyo sasa.

Mabaya ya karakana yasifichwe. Hakuna mkataba. Mafundi wengine humweka kijana miaka mitatu akitumwa maji na sigara, kwa kuogopa kwamba akijua kazi ataondoka na wateja. Wengine hufanya kazi bila kinga yoyote: kijana anachomelea chuma kwa miwani ya jua, usiku anahisi mchanga umejaa machoni, halali, na asubuhi anarudi tena kazini. Macho hayanunuliwi. Kama karakana haina ngao ya uso ya kuchomelea, usimwache mtoto wako hapo hata kama fundi ni ndugu.

Mzazi anapompeleka kijana kwa fundi, wakae watatu wakubaliane mbele ya mtu mzima wa mtaa, hata sheha akiwa na nafasi: atafundishwa nini, kwa muda gani, siku gani ni zake, atapewa nini kila wiki. Iandikwe kwenye karatasi ya daftari, kila mtu aweke saini. Fundi wa kweli hakasiriki kwa hilo. Na habari njema ambayo wengi hawajaipata ni kwamba aliyejifunza mtaani hakufungiwa cheti. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali inao utaratibu wa kupima na kuthibitisha ujuzi wa aliyejifunza nje ya chuo. Kwa fundi magari, seremala au fundi cherehani, njia hii ndiyo ninayoiona bora: miaka ya mkono kwanza, kisha kupimwa na kuchukua karatasi.

Hotelini: pesa ya haraka, lakini iko shamba

Watalii waliokuja Zanzibar mwaka 2024 walipita 700,000. Utalii ni miongoni mwa sekta zinazoajiri vijana wapya kwa wingi. Tatizo la kijana wa Kwahani ni kwamba vitanda vya watalii vingi viko Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani, na yeye yuko mjini. Nungwi ni mwendo wa kilomita sitini hivi. Huwezi kumaliza zamu ya usiku ukapata daladala ya kurudi. Kwa hiyo swali la kwanza la hoteli si mshahara. Ni kama kuna gari ya wafanyakazi au nyumba ya kulala, na kama chakula cha zamu kimo. Mshahara unaoonekana mkubwa ukiutoa chumba cha kukodi na nauli unaweza kuwa mdogo kuliko wa fundi msaidizi wa Mwanakwerekwe.

Kuingia kuna njia kadhaa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kinafundisha utalii Maruhubi, kwa wenye sifa za kusoma huko. Mji Mkongwe kuna kituo cha mafunzo cha Kawa, kinachojulikana kwa kufundisha watembeza wageni, na Jambiani kuna chuo cha utalii kilichoanzishwa kwa ajili ya vijana wa huko kusini. Serikali, kupitia wizara inayosimamia kazi, nayo inaendesha uanagenzi: kijana anagawanya muda wake kati ya darasa na mwajiri, jikoni, mapokezi au vyumbani. Ukipata nafasi ya uanagenzi, ichukue, hata kama hoteli siyo ndoto yako, kwa sababu unatoka ukiwa na cheti na pia ukiwa na msimamizi anayekujua kwa jina na anayeweza kupigiwa simu akusemee. Mtoto wa tajiri ana mtu wa namna hiyo tangu kuzaliwa. Mtoto wa mama muuza mandazi anampata hapo. Nafasi ni chache kuliko wanaoomba, kwa hiyo asikae kuzingoja mikono mitupu.

Kinachowaangusha vijana wetu kwenye mahojiano ni lugha. Wenzetu wa Bara na wa Kenya wanakuja na Kiingereza kinachotiririka na uzoefu wa miaka miwili mitatu, na meneja hana muda wa kufundisha. Mwenye kutaka hoteli aanze Kiingereza leo, na akiongeza Kitaliano au Kifaransa atawapita wengi. Kijana wa mjini ana bahati moja hapa: wageni wanapita mlangoni kwake kila siku. Lakini azungumze nao kwa heshima, asiwe papasi wa kuwaganda watu Forodhani. Kutembeza wageni ni kazi yenye leseni ya Kamisheni ya Utalii, na njia ya upapasi huishia kukimbizana na polisi.

Kisha kuna masika. Aprili na Mei wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafunga, na wenye mikataba ya msimu wanarudi nyumbani. Mwaka 2020 korona ilifunga nyingi kwa pamoja, na waliokuwa na ufundi wa pili mikononi ndio waliopata cha kula. Ndiyo maana namshauri anayekwenda hoteli aingie jikoni kuliko kuhudumia meza. Mpishi wakati wa masika anaweza kupika kwenye shughuli za mjini, kuuza vitafunio, hata kuchukua oda za futari. Mhudumu wa meza hana meza ya kuhudumia.

Wazazi wa mabinti wana hofu ya pombe, ya mavazi, ya kulala mbali na nyumbani. Hofu hiyo isidharauliwe, wala isiwe ndiyo mwisho wa mazungumzo. Zipo idara ambazo msichana anafanya kazi kwa stara yake: jikoni, chumba cha kufulia, stoo, hesabu, kupanga vyumba. Mama aende mwenyewe siku moja aone nyumba ya wafanyakazi, aulize nani analala wapi na mlango unafungwa vipi. Hoteli inayokataa mzazi kuona hapo pa kulala imeshajibu swali lake.

Hali za watu haziko sawa

Kijana anayetoka nyumba ya upataji nafuu ya walioacha dawa za kulevya, hasa anayekunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha, katika kituo cha Kidongo Chekundu, anatakiwa kufika kituoni kila siku. Ukimpeleka Nungwi umemkata na dawa yake. Huyu awekwe kwa fundi wa karibu, anayejua historia yake na asiyemtangaza, na kazi ianze asubuhi baada ya dozi. Mama kijana mwenye mtoto mchanga anahitaji fani ya nusu siku, na ushoni au upishi wa nyumbani unambeba kuliko umeme wa kuzunguka saiti. Kijana mwenye ulemavu wa miguu anaweza kuwa fundi simu au fundi redio wa hali ya juu. Kiti chake ni kile kile cha mwenzake. Kijana asiyejua kusoma vizuri asisukumwe chuoni akadhalilike. Aanze karakana, na jioni apate mtu wa kumsomesha, kwa sababu siku moja atatakiwa asome namba iliyoandikwa kwenye kipuri.

Kabla pesa haijatoka

Vyovyote itakavyokuwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kiwe tayari, na barua ya sheha. Vijana wamekosa nafasi kwa kukosa karatasi hizo wakati majina yanakusanywa kwa siku mbili. Akiajiriwa adai mkataba wa maandishi, akiutaja kwa adabu: Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005 ipo kwa ajili yake, na mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) ni haki yake.

Vifaa vianze kununuliwa tangu siku za mafunzo. Playa leo, tesa mwezi ujao, bisibisi seti baada ya Idi. Anayemaliza akiwa na cheti bila kifaa hata kimoja anarudi kuwa mbeba mkoba wa fundi mwengine. Vijana watatu wa fani moja wanaweza kuungana wakaomba mkopo wa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi kwa ajili ya mashine kubwa, mathalani ya kuchomelea, lakini wakope wakishakuwa na wateja, wasikope ili watafute wateja.

Na kabla ya kulipia chochote, mpe kijana wiki moja ya kukaa bure mahali anapopataka, iwe gereji, jikoni au kwa fundi friji. Kama ni chuo, nendeni pamoja siku ya kazi, saa nne asubuhi, mkaombe kuonyeshwa karakana kabla ya ofisi. Hesabuni mashine zinazofanya kazi na vijana waliozizunguka. Mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale nje, mumuulize fildi alifanya wapi, na mwezi uliopita ameshika kifaa siku ngapi.